Ila Iliyofichwa kwa Nta

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja wa Mombasa. Amenunua gari jeusi lililotumika Japani, kwa muuzaji Muislamu. Alionyeshwa jioni, limetoka kuoshwa, lang'ara kama kioo. Siku ya nne akaliosha mwenyewe na kulitazama juani. Akaona mikwaruzo ya duara imetanda mwili mzima kama utando wa buibui, na weusi wa mlango mmoja wa nyuma hauwiani na wa ule wa mbele yake. Muuzaji amemjibu: "Nalikuuzia kama lilivyo, na macho ulikuwa nayo." Ndugu yetu auliza kama ana haki ya kulirudisha.

Kabla ya kuhukumu yatupasa kulifahamu jambo lenyewe. Rangi ya magari ya siku hizi ni tabaka juu ya tabaka: ya chini hushika chuma, ya kati ndiyo yenye weusi, na ya juu haina rangi, mfano wa vanishi. Mkwaruzo mwembamba katika tabaka ya juu hutawanya mwanga ukaonekana mweupe, na weupe juu ya weusi haujifichi. Gari la rangi ya fedha huwa na mikwaruzo ile ile, wala hapana aionaye. Mingi yatokana na kitambaa chenye mchanga. Nta huijaza mifuo hiyo ikapotea machoni, na maji nayo huificha mpaka yakauke.

Mlango ni jambo jingine. Tabaka zote za kiwandani kwa pamoja ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo. Palipobonyea pakajazwa puti huwa nene mara nyingi kuliko hivyo, hata sumaku haishiki sawasawa. Na rangi iliyopulizwa upya mara nyingi huacha vumbi lake juu ya mipira ya mlango. Ndugu yetu ameziona alama zote mbili.

Sasa hukumu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tuyafuatayo wengi wetu mwambao huu, ila ya kurudishia ni ile ipunguzayo thamani ya kitu au kuharibu kusudio lake, nayo si kawaida kupatikana katika vitu vya jinsi yake. Basi mikwaruzo ile haimpi haki: gari jeusi lililotumika miaka kadhaa litaikosaje? Asiifanye kisingizio cha kuombea apunguziwe bei, kwani mnunuzi naye aweza kudhulumu. Lakini mlango uliojazwa puti ni ila bila shaka, maana hushusha bei na kueleza kuwa gari lilipata kugongwa.

Ama neno "kama lilivyo", ambalo wauzaji wetu wamelifanya ngao, halimfai kitu. Kauli yenye nguvu, kama ilivyo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, ni kuwa sharti la namna hiyo humwondolea muuzaji dhima ya ila ya ndani ya mnyama tu, nayo awe hakuijua. Gari si mnyama, na huyu alijua.

Bwana Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Kisha akamwambia kuwa mwenye kughushi si wake. Imepokewa na Muslim. Yule alificha maji chini ya nafaka kavu. Hawa wetu huyatumia maji yenyewe kufichia. Na fundi aliyepiga nta ile hali ajua imekusudiwa kumhadaa mnunuzi, amesaidia dhambi.

Wako watakaosema tunyamaze, mtu huyu huswali safu ya kwanza. Sisi twaona hiyo ndiyo sababu ya kusema. Kadhi hawezi kumlazimisha: Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimempa Kadhi hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi tu. Mahakama nyingine ziko, lakini ni wangapi watakaozifikia kwa ajili ya mlango mmoja? Muuzaji huyu amebaki na Mola wake, na sisi tuswalio ubavuni mwake.

Twamwambia ndugu yetu: haki yako ni ya papo hapo, nayo huhesabiwa tangu ulipoijua ila, si tangu ulipolipa. Usiliendeshe tena gari hilo illa kulirudisha. Manufaa uliyoyapata siku zile nne ni yako, kwani lau lingeharibika hasara ingekuwa yako. Usimpe fundi mlango aukwangue upate ushahidi, maana ila mpya mkononi mwako itaizuia haki ya kumlazimisha alipokee. Nenda leo, kabla ya Adhuhuri, pamoja na mashahidi wawili waadilifu, ukamkabidhi ufunguo.