Je, huruma yenye malipo ni huruma?

Hivi karibuni nilikwenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Nilitaka kusali katika ule msikiti wa kale, ambao maandishi ya Kikufi kwenye ukuta wake wa kibla yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Baada ya Alasiri nikakaa barazani na mzee mmoja aliyekuwa mvuvi.

Nilimuuliza habari za bahari. "Mwanangu, bahari ipo, kazi ndiyo si ile," alinijibu. Ujanani mwake pomboo akivuliwa na kukatwakatwa kuwa chambo cha papa. Miaka ya 1990, wageni walipoanza kumiminika kuja kumtazama pomboo huyo, mashua zikaacha nyavu zikabeba watu. Wanawe wamesomeshwa kwa kazi hiyo.

Ndugu msomaji, mimi nilifurahi. Nikasema alhamdulillah, watu wameacha kuua. Mzee akacheka. "Hatukuacha kwa huruma. Tumeacha kwa kuwa akiwa hai analipa zaidi."

Neno hilo halijanitoka. Tumefunzwa kuwa amali huzingatiwa kwa nia. Basi aliyeacha kuua kwa ajili ya fedha ana ujira gani? Watakuwepo watakaosema muhimu ni matokeo: pomboo anaogelea, mtoto yuko shule. Sikatai, na sisi wa mjini tunaokula mshahara kila mwezi hatuna haki ya kumhukumu mwenye njaa. Lakini nia ya namna hii inakwenda na soko. Mwaka 2020 korona ilipokata wageni, nani angekuwa na uso wa kumlaumu mvuvi ambaye angelirudia jarife lake?

Tena huruma ya malipo huishia pale malipo yanapoishia. Pomboo haruhusiwi kufa, ila kusumbuliwa ruhusa. Asubuhi ya pili nami nililipa nikapanda mashua. Tulikuta nyingine tano zikinguruma, zimewazunguka. Kila walipoibuka kuvuta pumzi, wageni walirushwa majini juu yao. Walipozama kukimbia, nahodha alitaka kuwaacha. Ni mimi niliyemwambia aongeze mwendo, kwa kuwa nilikuwa sijawaona vizuri na pesa yangu imeshatoka.

Niliporudi pwani mzee aliniuliza kama nimewaona. Nikamwambia nimeona migongo tu.

"Kesho wahi alfajiri," akasema, "hawajachoka."