Adhabu Iliyokatwa Kabla ya Kesi

Katika nchi ya Karagwe, na katika Kyerwa iliyotengwa nayo ikawa wilaya mwaka 2012, ng'ombe si mali ya kununua na kuuza tu. Samadi yake ndiyo chakula cha migomba, na migomba ndiyo chakula cha nyumba. Na kwa ng'ombe kijana huoa. Basi mtu aamkaye alfajiri akaona zizi li tupu, na nyayo zaelekea mto Kagera, ambao ng'ambo yake ni Rwanda, amepotewa na mengi kuliko bei ya sokoni. Huyu akitaka mwizi wake afungwe sana, hana lawama.

Kwa ajili ya watu kama yeye, Serikali ya Tanganyika ilitunga mwaka 1963 sheria ya adhabu zenye kima cha chini, na wizi wa mifugo ukatiwa humo pamoja na rushwa. Aliyethubutiwa na hatia alifungwa si chini ya miaka miwili, na kupigwa viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Mwaka 1972 viboko vilifutwa na vifungo vikazidishwa. Mwaka 1989 viboko vikarudishwa, na unyang'anyi wa kutumia silaha ukawekewa miaka 30. Hakimu aweza kuongeza. Kushuka chini ya kima hana ruhusa.

Haya, na wasimame watu wawili mbele ya hakimu mmoja. Wa kwanza ni mfanya magendo, hukodi vijana wakatoa ng'ombe za watu usiku, naye akaziuza ng'ambo. Wa pili ni mchungaji aliyechunga mwaka mzima kwa ahadi ya ujira, akanyimwa, mtoto wake akaugua, akatoa ndama mmoja wa tajiri wake akamwuza. Wote wawili ni wezi, wala hapana asemaye kuwa mchungaji amefanya halali. Lakini maneno yake husikilizwa, huandikwa, kisha hayamfai kitu.

Watetezi wa sheria hii husema: kuliko hakimu huyu atoe miezi sita na yule miaka saba kwa kosa moja, na tajiri apate huruma ambayo maskini hawezi kuinunua, ni bora wote wapimwe kwa kibaba kimoja. Hoja hii ina uzito, wala si ya kuchekwa. Walakini hiari haikuondoka, imehama tu. Kama mchungaji alimwinulia mwenye mali fimbo yake alipokuwa akitoka na ndama, je, huo ni wizi, au fimbo itaandikwa kuwa silaha, na mtu apate miaka 30? Aamuaye ni mwenye kuandika mashtaka, naye huandika ofisini, hapana amwonaye. Hakimu hukata hukumu mbele ya watu, akataja sababu zake, na rufaa ikapelekwa juu yake. Ikiwa kilichoogopwa ni rushwa, limezibwa tundu lililo wazi, likaachwa lililofichika.

Na karibu na mazizi hayo hayo, zilipo hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizofanywa hifadhi za taifa mwaka 2019, mizani imekwenda kombo zaidi. Kwa marekebisho ya mwaka 2016, kupatikana na nyara za Serikali kwaweza kumtia mtu gerezani miaka isiyopungua 20, na nyama ya swala ni nyara. Aliyeua mwanadamu bila kukusudia hakuwekewa kima cha chini hata siku moja.

Waislamu wengine huuliza: mbona Sharia nayo ina hududi? Naam, inazo, nazo ni chache, na kila moja imezungushiwa masharti: mali ifikie nisabu, itolewe mahali ilipohifadhiwa, mashahidi wawe waadilifu, na shaka ikiingia hadi huanguka. Makosa yaliyobaki ni ya taaziri, na humo kadhi humtazama mtu na hali yake. Sheria ya kima cha chini imechukua ukali wa hadi, ikayaacha masharti yake.

Sayyidna Umar bin Khattab, Radhiya Llahu anhu, hakukata mikono mwaka wa njaa kuu. Na Imam Malik amepokea katika Muwatta kuwa watumwa wa Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzaina, wakamchinja. Umar aliamuru wakatwe. Kisha akazuia, akamwambia bwana wao kuwa amwona awatia njaa. Akamwuliza mwenye ngamia thamani yake. Akajibu kuwa alikuwa akikataa kumwuza kwa dirhamu 400. Umar akamwamuru yule bwana amlipe 800.