Ukaribu wa Mungu: wa Mahali na wa Wakati

Maneno ya Kiingereza "immanent" na "imminent" hutofautiana kwa irabu moja tu. La kwanza humhusu Mungu akaaye ndani ya viumbe vyake. La pili ni jambo linaloning'inia vichwani, liko mbioni kutokea. Kiswahili hutosheka na "karibu" kwa yote mawili, sawa na Kigiriki cha Paulo alipowaandikia Wafilipi kwamba Bwana yu karibu. Wafafanuzi bado wanabishana kama ni kwa umbali au kwa siku.

Huko Nyanchwa, kilima kinachoutazama mji wa Kisii nchini Kenya, tofauti hiyo ina historia. Waadventista Wasabato walianzisha misheni hapo mwaka 1912, miaka 6 baada ya kufika Gendia, kituo chao cha kwanza nchini. Kanisa lao lilitokana na ukaribu wa wakati: wafuasi wa William Miller walimngojea Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, na siku ikapita. Ukaribu wa mahali, kinyume chake, waliuogopa. Daktari Msabato John Harvey Kellogg alipotoa kitabu The Living Temple mwaka 1903, akimweka Mungu ndani ya kila chenye uhai, Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa hilo, alimpinga. Mwaka 1907 Kellogg akaondolewa kanisani. Hofu hiyo si ya bure, kwani aliyekwisha kuwamo katika jani na damu haji tena.

Kwa Abagusii wa zamani, wenyeji wa Kisii, Engoro aliyeumba alikuwa mbali. Waliosogea hadi mlangoni ni ebirecha, roho za wazee waliokufa, na ugonjwa nyumbani ulihesabiwa kuwa dai lao. Kisha mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego akaanzisha dini ya Mumbo, iliyoenea hadi Kisii na kutabiri kwamba Wazungu wangetoweka. Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza, Waingereza walipouhama mji wa Kisii kwa muda mbele ya Wajerumani, wengi waliona utabiri umetimia. Misheni zikaporwa, Nyanchwa ikiwemo. Waingereza wakarudi, na adhabu ikafuata.

Hapo ndipo ukaribu wa wakati unapokuwa na ujasiri kuliko mwenzake: unaweza kukanushwa na kalenda. Ule wa mahali haukanushiki, na pengine ndiyo sababu hauwasumbui watu sana.

Wasabato hujibu kwa kutenganisha: tangu 1844 Kristo yuko katika awamu ya mwisho ya huduma yake katika patakatifu pa mbinguni, naye Roho Mtakatifu yuko na waumini bila kuwa sehemu ya maumbile. Kwa hiyo Ijumaa jua likielekea kutua, duka hufungwa na chakula cha kesho kimeshapikwa, kwa heshima ya Mungu aliyepo. Na mahubiri ya kesho yake yatamhusu yule ajaye.