NI BAHATI TU, AU NI UJUMBE?

Kijana mwenzangu, je, umewahi kufiwa na mzazi? Basi unaijua ile hali. Kila kitu kinakuwa kama kinasema na wewe.

Siku ya tisa baada ya kumzika baba, kondakta wa daladala alinirudishia chenji, noti ya elfu mbili. Pembeni imeandikwa hesabu kwa kalamu nyekundu: sukari, unga, sabuni. Ule ulikuwa MWANDIKO WA BABA! Alikuwa na kiduka, na karatasi ikimwishia aliandika kwenye noti. Nikashuka kabla ya kituo changu, nikalia barabarani kama mtoto mdogo.

Jirani akaniambia, "Marehemu ana madai. Nenda kwa mtaalamu." Mtaalamu akataka mbuzi mweusi. Wiki mbili nikawa nalala taa inawaka, namwogopa baba yangu mwenyewe! Mzee aliyekuwa ananibeba mgongoni.

Hebu tufikiri pamoja. Baba aliandika kwenye noti nyingi, na pesa za mtaani kwetu huzunguka humo humo: dukani, kwa kinyozi, kwenye daladala. Labda nilikwisha kuzishika nyingine akiwa hai. Nani anatazama? Msiba ndio ulionifumbua macho.

Na si mimi tu. Tarehe 4 Julai 1826 Marekani ilitimiza miaka 50 ya tangazo lake la uhuru. Siku hiyo hiyo walikufa John Adams, miaka 90, na Thomas Jefferson, miaka 83, marais wastaafu waliolitia sahihi tangazo lile! Mwana wa Adams, John Quincy Adams, ndiye aliyekuwa rais wakati huo. Habari za kifo cha baba yake zilimkuta njiani akienda kumwona. Akaandika katika shajara yake kwamba aliona hapo alama ya upendeleo wa Mungu. Mtu wa hesabu atasema siku za mwaka ni 365, watu ni wengi, lazima nyingine zigongane. Sawa. Lakini yule mwana hakuuliza marehemu anadai nini. ALISHUKURU.

Je, ile noti Mungu ndiye aliyeileta? Mimi nasema Mungu anaweza kumfariji mtu hata kwa noti chafu, wala hana haja ya kuvunja hesabu. Ila ujumbe unaokudai mbuzi na kukunyima usingizi, huo, bwana, ukatae!

Mbuzi sikupeleka. Noti nikampelekea mama. Akaisoma taratibu, halafu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba: "Baba yako huyu! Sukari kajumlisha vibaya."