Pima Fremu Kabla ya Kununua Tairi

Wanangu mnaopanda baiskeli za mbio, nawaona mkitoka Eldoret na Iten alfajiri, mkiiacha lami na kushika njia za murramu zisizo na malori. Hapo mna akili. Magurudumu mnayokwenda nayo huko ndiyo yanayonitia hofu.

Tairi ya milimita 23 iliyojazwa upepo ikawa ngumu kama jiwe haivuki kokoto, hurushwa nayo. Kishindo humalizikia viganjani na kiunoni, na nguvu mliyoikanyaga inawarusha juu badala ya kuwapeleka mbele. Hata wanaoshindana mbio za Paris–Roubaix, penye zaidi ya kilomita 50 za barabara ya mawe, siku hizi hufunga tairi za milimita 30 na zaidi. Babu zenu hawakuhitaji kuambiwa: baiskeli ya Black Mamba iliyobeba gunia la mahindi ilikuwa na tairi ya kama milimita 40.

Lakini msikimbilie dukani, mwenye neno la mwisho ni fremu. Pima nafasi iliyopo kwenye uma wa mbele, kisha nyuma ya pedali, pale mabomba mawili ya fremu yanapokaribiana. Ibaki angalau milimita 4 kila upande. Kwa udongo mweusi wakati wa masika hata hiyo haitoshi: tope linashika, kokoto inakwama, gurudumu la mbele linasimama ghafla, na wewe unaendelea na safari bila baiskeli. Breki za zamani za kubana rimu nyingi huishia 25 au 28; za diski zina nafasi zaidi. Tena tairi ya 28 ikifungwa kwenye rimu pana hutanuka hadi 30, kwa hiyo pima tena ikishajazwa upepo.

Dukani usiseme "nipe ya 28" ukanyamaza. 28 ya Mamba ni inchi za kipenyo. Yako, 700x28, ni milimita za upana. Tafuta namba 622, kipimo cha rimu yako, ubavuni mwa tairi. Ya Mamba imeandikwa 635, na kwenye rimu yako inapwaya, haikai.

Kinachowashinda wengi ni upepo. Kijana ananunua tairi pana, anaijaza psi 100 kama ile ya zamani, halafu analalamika kwamba haina tofauti! Mwenye kilo 70 akifunga ya 32 aanze na psi 55 hivi, nyuma izidi mbele kidogo, kisha ashushe polepole. Ukikuta tyubu ina matundu mawili yaliyokaa sambamba, ujue imebanwa kati ya rimu na jiwe. Umeshusha mno, ongeza.

Na kama fremu yako haipokei zaidi ya 25, usikubali fundi aikwangue wala apanue uma ili tairi ipite. Hiyo ni baiskeli ya lami. Ya murramu itafutie pesa yake.