Mtoto Anayekufa Yu Hai Bado

Machi 1992, katika jimbo la Florida, Marekani, alizaliwa mtoto wa kike asiye na sehemu ya juu ya fuvu wala sehemu kubwa ya ubongo, hali ambayo madaktari huiita anensefali. Shina la ubongo lilikuwepo, kwa hiyo alipumua na moyo wake ukadunda. Wazazi wake, waliojua kabla hajazaliwa kwamba hataishi, waliomba viungo vyake vitolewe mapema viwaokoe watoto wengine. Mahakama ikakataa, kwa kuwa hakuwa amekufa. Akafariki baada ya siku 9, viungo vikiwa vimekwisha kuharibika. Uamuzi ule uliwaumiza watu wenye nia njema kabisa. Hata hivyo naushikilia kuwa wa haki: hakuna manufaa ya mwingine yanayoturuhusu kumharakishia mtu kifo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1990, lilikuwa na msimamo huohuo: mtoto wa namna hii akizaliwa hai, viungo vyake visiguswe mpaka kifo kithibitike.

Pingamizi zito ni kwamba mtoto huyu hajitambui, hana kesho, na kwa kumsubiri tunapoteza wawili badala ya mmoja. Anayelipuuza hajamfikiria mzazi ambaye mwanawe anahitaji moyo leo. Lakini ikiwa kutojitambua na ufupi wa maisha ndivyo vinavyomwondolea mtu ulinzi, basi mgonjwa aliyezimia asiyetarajiwa kuzinduka naye yumo, na hatuna cha kumkingia ila huruma zetu. Tena hakika ya kwamba mtoto hahisi kitu hata wataalamu hawana: baraza la maadili la Chama cha Madaktari cha Marekani liliruhusu viungo vitolewe kabla ya kifo mwaka 1994, likasitisha ruhusa hiyo mwaka uliofuata, maswali kuhusu fahamu za watoto hawa yalipozidi. Kabla ya hapo, huko Loma Linda, California, ilijaribiwa njia nyingine: watoto 12 wenye hali hii waliwekwa katika uangalizi wa wagonjwa mahututi ili viungo vidumu mpaka ubongo ufe. Wawili tu walitimiza vigezo ndani ya wiki moja, na hakuna kiungo kilichopandikizwa. Mpira unaopitishwa kooni mwa mtoto kwa lengo hilo haumsaidii yeye chochote. Mwili wake unageuzwa ghala.

Kutoa viungo baada ya kifo ni jambo jingine, na wazazi wanaolitaka wasaidiwe. Mwaka 2014, Cardiff, mtoto mwenye hali hiyohiyo aliishi chini ya saa mbili. Moyo wake uliposimama figo zake zilichukuliwa, zikapandikizwa kwa mtu mzima. Aliyekuwa akisubiri moyo hakupata kitu hapo, na huenda wa namna yake wakafa wakingoja. Gharama hiyo ni ya kweli, wala sioni namna ya kuikwepa bila kumfanya mtoto huyu mali ya wengine kabla hajakata roho.