Sala Kati ya Masufuria

Nicolas Herman alikuwa mzito wa mikono. Kijana huyo wa Lorraine alipigana katika Vita vya Miaka Thelathini, akajeruhiwa, kisha akawa mtumishi wa nyumbani kwa mkuu mmoja wa hazina, ambako, kwa maelezo yake mwenyewe, alivunja kila alichoshika. Alipojiunga na watawa Wakarmeli wa Paris mwaka 1640 na kuitwa Bruda Laurent wa Ufufuko, alitarajia kuadhibiwa vikali kwa uzembe huo. Wakampeleka jikoni.

Jikoni hakupapenda hata kidogo, lakini alipika huko miaka kama 15, hadi mguu wake mbovu ulipomlemea akahamishiwa kazi ya kushona makubazi. Hakuwa padre wala msomi. Waliomwendea kutaka ushauri walikuta mtu asiyetenganisha saa ya kusali na saa ya kupika. Kimanda alikigeuza kikaangoni kwa kumpenda Mungu. Akimaliza, na kama hakuna kazi nyingine, alisujudu papo hapo.

Safari moja alitumwa Burgundy kununua divai ya monasteri. Biashara hakuijua, na ule mguu haukumruhusu kutembea ndani ya mashua, kwa hiyo akawa anajivingirisha juu ya mapipa. Alimwambia Mungu kwamba shughuli ile ni Yake, basi. Divai ikapatikana.

Visa hivi ndivyo vinavyosimuliwa zaidi, na kweli vinachangamsha. Kinachorukwa ni miaka yake 10 ya kwanza utawani. Dhambi za zamani zilimwandama, akadhani amepotea, akashuku hata neema alizopata kuwa ni kujidanganya. Mawazo nayo yalimtoroka kila alipojaribu kumkumbuka Mungu. Akigundua ametangatanga, alikiri kwa maneno machache, akarudi, bila kushinda akijilaumu.

Hapo Laurent anawafaa waumini wa leo zaidi kuliko katika mapipa yake. Makanisani mwetu uwepo wa Mungu mara nyingi hupimwa kwa kuguswa: machozi, mtetemeko, sauti iliyokauka baada ya mkesha. Aliyetoka mkesha huohuo bila kuhisi chochote hujiona ana kasoro, naye hathubutu kusema mbele ya wenzake wanaoshuhudia. Kwa Laurent, kutohisi kitu hakukuwa dalili ya kuachwa. Isitoshe, nafuu yake ilikuja pale tu alipokubali kwamba huenda ataishi na dhiki ile hadi kufa, na bado akaazimia kumpenda Mungu.

Haya tunayajua kwa sababu padre Joseph de Beaufort alianza kuzungumza naye Agosti 1666 na kuyaandika aliyoyasikia. Bruda mwenyewe hakutaka kujulikana. Katika barua moja alimpa mpokeaji sharti la kutomwonyesha mtu barua hiyo. Alifariki Februari 1691. Mwaka uliofuata, Beaufort akazitoa barua za Laurent kitabuni.